Boti Niliyoisingizia

Dada Mwanaidi,

Shikamoo dada. Mimi mdogo wako Shabani ni mzima, nakula, nalala, na yale mafua ya mwezi uliopita yameshaniacha. Hofu yangu ni mguu wako. Bado unakusumbua ukipanda shambani, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na migomba ya juu, ule upepo mliousema uliilaza yote au umetubakizia ya kula? Huku baridi imeanza kulegea. Asubuhi bado inauma masikio, lakini saa nne mtu unaweza kuvua koti bila kujuta.

Barua hii anakuletea Amina, yule binti wa Mikese anayesuka nywele huku Johannesburg. Anapanda ndege kesho na ameapa kukufikishia Mkuyuni kwa mkono wake mwenyewe. Najua utauliza kwa nini niandike wakati simu ipo. Simu yako, dada, inasikilizwa na nyumba nzima pamoja na majirani wawili. Halafu najijua. Nikisikia sauti yako nitadanganya, nitasema mabasi yamejaa. Kwenye karatasi angalau naona haya.

Jambo lenyewe ni hili: Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya ndoa ya Zaina, sitakuwa nimefika. Sihitaji kukufundisha uzito wake. Baba yake atamwozesha, hiyo ni haki yake, lakini sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na upande wa bwana harusi wakiingia tu wataangaza macho kumtafuta mjomba. Mjomba mwenyewe ni mimi, huna kaka mwingine. Soma mpaka mwisho ndipo unitukane.

Unakumbuka nilikwambia Bi Retha, mama mwenye kazi hii, amenipandisha kutoka kufagia gati na kukata majani hadi kuendesha boti. Nilipata leseni mwanzoni mwa majira ya baridi, baada ya dereva wa zamani, Mzee Thabo, kustaafu na kurudi kwao Lesotho. Hapa mtoni watu huja kucheza mchezo ambao ukiuona mara ya kwanza utadhani wamerogwa. Boti inakwenda polepole, mwendo wa mtu anayekimbilia basi, na nyuma yake inaacha wimbi. Mchezaji anasimama juu ya ubao, anaanza kwa kushika kamba, kisha anaitupa kamba na kusukumwa na lile wimbi peke yake, hana anachoshika. Wanalipa kwa hilo, dada, na wengine wanalia kwa furaha. Mwalimu wao ni Lindiwe, msichana wa huku mwenye mdomo mwepesi na moyo safi.

Sasa boti yetu imechoka. Injini inakohoa, na hata ikisimama gatini imelala upande mmoja kama mzee aliyeegemea mkongojo. Bi Retha akaamua kununua nyingine kabla msimu wa joto haujaanza. Akaniita akasema, "Shabani, wewe ndiye utakayekaa kwenye usukani, wewe ndiye utakayechagua. Boti ikishafika, chukua likizo yako uende ukamwoze mpwa wako." Dada, nilivimba kichwa. Mimi, mpakiaji wa Fuso za ndizi sokoni Mkuyuni, naulizwa boti ipi inunuliwe!

Zikaletwa mbili za kujaribu. Siku ya kwanza ikaja ya buluu. Niliipenda nilipokaa tu. Unaona mbele, unaona pembeni, hata bata akipita chini ya pua ya boti unamwona. Boti hizi zina matangi ya maji ndani. Unayajaza ili boti iwe nzito, maana boti nyepesi haitoi wimbi la maana. Muuzaji alikuwa kwenye simu muda wote, akanionyesha swichi za pampu kwa kidole na kuniachia. Basi nikafanya kazi niliyoizoea maisha yangu yote. Nikajaza tangi la kulia na la kushoto sawasawa. Watu sita waliokuja nasi nikawapanga watatu huku, watatu kule. Mwanamume mmoja mnene nikamhamisha mara mbili mpaka boti ikatulia. Kule kwetu, barabara ile ya kwenda Matombo, ukipakia gari kwa kuelemea upande mmoja kona ya kwanza tu inakumwagia mzigo bondeni. Nilisimama gatini nikaitazama boti imekaa sawa, nikajisifu kimoyomoyo.

Wimbi likatoka bovu. Povu huku, povu kule, halimsukumi mtu. Lindiwe akazama mara tatu, mara ya nne akapanda botini anatetemeka, meno yanagongana. Bi Retha akanigeukia: "Unasemaje?"

Nikasema, bila hata kukohoa, "Boti hii haina wimbi."

Kesho yake ikaja nyeupe. Muuzaji wa hiyo alipakia mwenyewe, mimi nikaendesha tu. Wimbi likatoka refu, safi, Lindiwe akateleza mpaka akachoka. Lakini dada, ile nyeupe ikijazwa maji inainua pua juu, na mimi nikikaa kwenye usukani naona anga na bendera, sioni mto. Hapa watoto wanaojifunza huwa wanaelea majini wakisubiri zamu zao, kila mmoja na jaketi lake la uokozi. Nilisimama kwa vidole vya miguu ili nione mbele. Sikusema kitu. Nyeupe ilikuwa tayari dukani, ingeletwa Jumatatu, na Jumanne ningekuwa ndani ya basi. Bi Retha akasema atasaini Jumamosi. Nikaenda kununua kitenge cha Zaina siku hiyohiyo.

Ijumaa tunaosha jaketi na Lindiwe, akaniuliza tu kupitisha wakati, "Ile ya buluu ulijaza maji zaidi upande gani?"

"Upande gani vipi? Nilijaza sawa pande zote."

Akaacha brashi. "Sawa? Na watu?"

"Watatu huku, watatu huku. Nilipanga vizuri sana."

Alicheka, dada, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji ya sabuni. Kumbe wimbi la mchezo huu linatengenezwa kwa kuilemeza boti upande mmoja, ule anakoteleza mchezaji. Ndiyo maana boti yetu ya zamani imelala: Mzee Thabo alikuwa na mifuko ya maji aliyoipanga upande wa kushoto, na hakuiondoa hata alipoondoka. Mimi muda wote nilidhani ni uzee. Wageni wa majira ya baridi walikuja kutazama ndege wa mtoni tu, hakuna aliyeteleza, ningejuaje? Boti ya buluu haikuwa na kosa lolote. Niliinyoosha mimi, kwa ufundi wangu wa Mkuyuni, kisha nikaisingizia.

Lindiwe alipomaliza kucheka akashika tena brashi. Anajua habari za ndoa, kitenge alikiona. Akasema, "Mimi sijasikia kitu. Nyeupe nayo ina wimbi zuri."

Sikutegemea moyo wangu ungenisumbua vile. Nilijiambia nyeupe si mbaya. Nilijiambia nitaendesha nimesimama. Nilijiambia mpwa ni damu, boti ni chuma. Yote ni kweli, lakini kila nilipofumba macho niliona ile pua imenyanyuka na vichwa vya watoto chini yake. Mtu ananiuliza mimi neno langu, nami namuuzia neno bovu ili niwahi basi? Jumamosi asubuhi nikamkuta Bi Retha ana kalamu mkononi. Nikamweleza yote: kuhusu matangi, mtu mnene, na pua ya nyeupe niliyoinyamazia.

Usidhani alinikumbatia. Alinifokea kwanza. Alisema amemwaibisha muuzaji wa watu kwa neno langu, alisema mengine kwa lugha yao ambayo nashukuru siifahamu. Kisha akauliza, "Unajua hii ina maana gani kwako?" Nikamwambia najua. Ilibidi boti ya buluu irudishwe tuijaribu upya, na kama tungeichukua, hiyo ya kujaribia ingebaki kwa muuzaji na yetu ingetoka mbali, kule Rasi, pwani ya kusini ya nchi hii, ifike Jumatano ijayo. Na mkaguzi wa usalama anakuja Ijumaa kuikagua boti pamoja na dereva wake, hawezi kukagua kimoja bila kingine. Ijumaa hiyohiyo, dada. Dereva mwingine hakuna.

Alhamisi iliyopita tukaijaribu. Safari hii tangi la kushoto nikalijaza mpaka juu, la kulia nikaliacha na maji kidogo, na watu wote nikawakalisha kushoto. Mkono ulikuwa unanikatalia, nakuapia. Niliona kama napakia ajali. Boti ikalala. Tukaondoka, nikageuka, nikaona wimbi limejikunja kijani, laini, halina povu hata kidogo. Lindiwe akatupa kamba na kuteleza mikono hewani huku anapiga vigelegele kama vya kwetu. Na mimi mbele naona kila kitu. Bi Retha alisaini palepale gatini, akanigonga bega, akasema, "Sasa hili ni neno la dereva."

Kwa hiyo kazini niko vizuri, dada, na usingizi nimeupata. Nitaondoka Jumapili baada ya huo ukaguzi na nitakuwa Morogoro Jumatano, nikipata gari la kupanda nitalala Mkuyuni usiku huohuo. Ninachoomba ni wiki moja. Ijumaa moja mbele, basi. Lakini siwaombi wazee, wala shemeji, wala wewe. Muulize Zaina mwenyewe. Akisema msubirini mjomba, nitakuja na kitenge begani nisimame pale panaponistahili. Akisema hapana, pilau limeshaagizwa na wageni wameshaambiwa, basi simama wewe kwa niaba yangu, uwaambie upande ule kwamba binti huyu ana kwao, na siku wakimchoka wasimtese, wamrudishe kwetu tutampokea kwa mikono miwili.

Msalimie shemeji, umwambie sijasahau kisu chake cha kupogolea. Msalimie bibi yetu mzaa mama, umshikie miguu kwa niaba yangu, na jirani yako wa mlango wa nyuma ambaye najua atakuwa anasikiliza ukisoma hii kwa sauti. Bwana harusi mwambie nampa heshima yake, lakini bado simjui.

Zaina akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Ila usimtetee mjomba wake kwa kusema nilikwama mpakani. Sikukwama popote. Njia ilikuwa wazi, na nilichelewa kwa kusema ukweli.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Shabani