Puto Lililopasuka Fainali

Kaka, upo?

Fainali ya badminton, nimebakiza pointi moja tu nishinde. Puto likapasuka jukwaani, paa! Nikajirusha chini na kiti changu cha magurudumu, nikipiga kelele, "Lala chini!" Mimi niliyeacha bunduki nikashika raketi ili nisahau!

Watu wakacheka. Kaka, WAMECHEKA.

Nainua kichwa, namwona mpinzani wangu ng'ambo ya wavu. Naye kalala kifudifudi kando ya kiti chake, mguu mmoja hana, kajifunika kichwa. Kumbe naye alikuwa mwanajeshi!

Nikamuuliza, "Mguu uliuacha wapi?"

"Kwenye daraja la reli," akasema. "Nilikanyaga bomu."

Akanipa mkono chini ya wavu. Nikaushika.

Lile bomu la daraja la reli, kaka. Nililitega mimi, wewe ukinimulikia tochi.