Ukungu na Kabichi

Jumanne, Julai

Leo tena ukungu umenitangulia darasani. Madirisha yetu ni matundu matupu, na ubao ukilowa, chaki haishiki. Nikaandika hesabu za sehemu kwa madaha, kumbe waliokaa nyuma hawanioni.

"Zubeda, umeelewa?"

"Mwalimu, huku tunasikia kikohozi chako tu."

Wakacheka, nami nikacheka. Lakini mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na Zubeda, pamoja na akili zake zote, sehemu bado zinamshinda.

Nikasema hesabu tuzihamishie saa nane, ukungu ukishaondoka. Akainama.

"Saa nane nafunga kabichi, Mwalimu. Siku hizi malori ya Dar yanakuja kila siku. Baba hawezi peke yake."

Nilitaka niende jioni hii hii nikamsihi baba yake. Nikafika nyumbani kuvua koti, nikamkuta mwanangu Rashidi uani anashona magunia ya kabichi zangu. Naye yuko darasa la saba.

Sikwenda. Nimekaa chini nikashona naye, huku namuuliza sehemu. Hajui hata moja.

Kesho magunia nitashona mwenyewe. Kisha ndipo nitapiga hodi kwa baba Zubeda.