Kaburi Lako Litasubiri Marumaru

Mama,

Juzi nimekutumia tena pesa. Usinicheke. Mshahara uliingia nikiwa nimeegesha lori kwenye kituo kimoja huku Polandi, mvua inanyesha, nikafungua simu na kidole kikaenda chenyewe kwenye jina lako. Baadaye ukaja ule ujumbe wa kuthibitisha, jina lako lote kwa herufi kubwa, kwamba umepokea. Umepokea, Mama! Nikakaa pale nyuma ya usukani nikalia. Tangu uondoke, huo ujumbe ndio mahali pekee ambapo jina lako linatajwa kama la mtu aliye hai, na mimi nimeshindwa kupaacha.

Najua huzipokei. Laini yako anayo kaka Sosthenes. Ndiye aliyekuwa anakutolea kwa wakala hata ulipokuwa hai, namba ya siri anaijua, basi ameendelea. Simwiti mwizi. Kila shilingi ananieleza ilikokwenda: mchanga, kokoto, saruji, nondo. Anakujengea kaburi. Sasa amefika kwenye marumaru, na hataki za hivi hivi, anataka nyeupe zenye mistari ya kijivu, ziagizwe Mwanza. "Watu wapite waone mama wa dereva wa Ulaya amelala wapi," ndivyo alivyoniambia. Unamjua kaka kwa sifa.

Nakuandikia kwa sababu hilo kaburi linaninyima usingizi, na wa kumuuliza sina.

Siku ya kukuzika niliona kila kitu kwa simu. Bosi alinipa ruhusa, tiketi ndiyo iliyokosekana. Niliegesha pembeni ya barabara, nikavua kofia humo humo ndani ya lori. Baba mdogo Pastori alisimama kaburini akauliza kama inavyoulizwa kwetu: anayemdai marehemu aseme, na anayedaiwa na marehemu naye aseme. Mzee Bugingo akainua mkono akakiri ana sufuria yako kubwa tangu Pasaka. Watu wakacheka kidogo na machozi yao. Upande wa kukudai hakusimama mtu. Niliona fahari, Mama. Nikasema mama yangu ameondoka hadaiwi hata chumvi. Nyuma ya waombolezaji niliiona mikaratusi yetu ya bondeni, mirefu, inayumba na upepo, wala sikujiuliza lolote.

Ile mikaratusi si uliniambia umeiuza? Uliniambia ndiyo iliyolipa wakala wa ajira, viza na ndege. Nilikushukuru mpaka ukachoka kushukuriwa. Kumbe hata mti mmoja haujaguswa.

Aliyenifumbua macho ni jirani yako Mama Leokadia. Alinipigia baada ya matanga, akaanza mbali kama kawaida yake: mvua, maharage, padri mpya anayehubiri mpaka watoto wanasinzia. Mwisho ndipo akafika. Pesa ya safari yangu uliikopa kwenye kikundi chenu cha akina mama, naye akakudhamini kwa ng'ombe wake, yule mwekundu anayenyonyesha. Ulikuwa unarejesha kidogo kidogo kutoka kwenye hela niliyokutumia ya matumizi. Ndiyo maana hukununua hata kanga, na nikikuuliza unaniambia sanduku limejaa! Umekufa hujamaliza. Sasa kikundi kinavunjwa kabla ya Krismasi, kila mwanachama achukue akiba yake, na pale palipopungua atalipa mdhamini. Maana yake ng'ombe anaondoka, na ndama bado ananyonya. Maziwa yale ndiyo yanayowalisha wajukuu zake.

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale kaburini alipoulizwa. 

"Mwanangu, sisi wanawake tulikubaliana tusisimame," akasema. "Mwenzetu hata udongo haujamfunika, tumdai mbele ya padri na wakwe? Tukasema mtoto wake yupo, tutaongea naye polepole."

Kwa hiyo walinyamaza kwa kukuheshimu. Na heshima hiyo hiyo ndiyo kaka anayoitumia kuwafungia mlango. Nilipomweleza akawaka. "Waliulizwa mbele ya watu wakanyamaza. Kwetu aliyenyamaza kaburini amesamehe. Ukilipa leo, umetangaza Bukiriro nzima kwamba mama alikufa na madeni." Baba mdogo anamuunga mkono, na siwezi kusema mila hiyo ameitunga, nimeisikia tangu utoto. Mimi ni mdogo wao, halafu niko mbali. Mtu wa mbali akinyanyua mdomo, nyumbani wanasema Ulaya imempanda kichwani.

Ningekuwa nazo ningelipa yote nikanyamaza: marumaru ya kaka, deni la kikundi, watu walale. Sina. Wananiona nina Ulaya mfukoni, hawajui nalala ndani ya lori kama wale madereva wateja wako, napikia jiko la gesi kwenye kiti cha abiria. Bosi bado ananikata hela ya kibali alichonilipia. Nikituma, benki inakula, kubadilisha fedha kunakula, na wakala wa huko naye anakula. Inayofika ni ya jambo moja tu kabla ya Krismasi. Ama wewe upate marumaru, ama Mama Leokadia abaki na ng'ombe.

Nimelibeba hilo kwenye barabara ndefu hizi mpaka nikawa napitiliza njia ya kuchepukia bila kuiona. Halafu juzi, baada ya ule ujumbe wenye jina lako, nikakumbuka kibanda chako cha chakula pale Nyakanazi.

Unamkumbuka yule dereva mnene wa lori la saruji, aliyekuwa anapenda ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga? Alikuwa anakula kwa deni akienda Rwanda, na wewe unamwambia yale yale uliyowaambia wote: "Nenda salama, ukirudi utanilipa." Safari moja hakurudi. Wenzake walipita wakakwambia gari lilimshinda mteremkoni. Ulilia, ukafunga kibanda mapema. Muda ukapita, akaja dereva mwenzake kulipa sahani za marehemu. Mimi nilikuwa naosha vyombo nikajua utakataa, kwa sababu ulikuwa na huruma za kupitiliza. Ukapokea. Ukahesabu, ukafunga kwenye pindo la kanga. Alipoondoka nikakuuliza vipi unachukua pesa ya mtu aliyekufa, nawe ukanitazama kama vile nimesema upuuzi. "Nikiikataa, nimemwacha marehemu anadaiwa huko aliko. Mimi nani nimzuie asipumzike?"

Ukarudi kwenye masufuria yako. Mimi niliona una roho ngumu siku ile, nisamehe.

Basi nimeamua, na kaka atanuna. Nimeshamwambia. Alinijibu, "Unataka mama alale kwenye saruji tupu kama asiye na watoto?" akakata simu. Maneno hayo yaliniuma, nisikudanganye, bado yananiuma. Lakini nimewaza sana: nikulaze kwenye marumaru nyeupe, halafu Mama Leokadia apite hapo kila Jumapili akienda kanisani, mkono hauna kamba ya ng'ombe, na bado akusalimie? Ungeamka, Mama. Nakujua.

Kuanzia mshahara ujao pesa itakwenda kwa Mama Leokadia moja kwa moja, mpaka deni la kikundi liishe. Mikaratusi isiguswe, ndiyo itakayokupa kivuli. Marumaru nitakuja kuzipanga mwenyewe nikipata likizo, na kaka achague rangi anayotaka, nitamkorogea saruji. Nitaanza kwa Mama Leokadia nimsalimie shikamoo yake, nione ndama amekua, ndipo nije kwako.

Lakini kidole changu kwenye simu hii ni kibaya. Nikiliacha jina lako pale nitatuma tena, najijua. Leo asubuhi nimelifungua. Simu ikaniuliza kama nina uhakika nataka kukuondoa. Nikaiacha iulize mpaka kioo kikazima. Nikaiwasha tena, nikapiga ishara ya msalaba, nikabonyeza.

Siku nilipopanda basi pale Nyakanazi nilikushukuru kwa hela ya miti, nawe ukanisukuma bega kama ulivyowasukuma madereva, ukaniambia neno lako lile lile. Nilidhani unanitania.

Nimekwenda, Mama. Nikirudi nitakulipa.

Mwanao,
Deo