Kibuyu cha Roza

Jumapili, 2 Oktoba 1977

Leo ni tarehe mbili Oktoba, mwaka wa sabini na saba. Miaka ishirini na minne nje ya Maswa. Tulitoka mwezi kama huu, vumbi tupu, mimi na Roza na ng'ombe wanne. Ng'ombe wengine wote ndugu zangu walikwisha kugawana nikiwa mbali, nafundisha shule ya misheni. Shamba pia. Roza walimwambia aondoke kama alivyokuja. Akaondoka na mpunga ameushonea kwenye pindo la shuka.

Ndio huo tunaokula hapa Usangu. Shuke refu, linainama kama shingo ya korongo. Maji yakijaa, mingine inalala. Wa Roza unasimama.

Roza amekufa, mwaka wa tatu sasa. Mwanangu yuko reli, Iyunga. Mkewe, Kalista, anaulima mpunga huo katika jaruba moja dogo nyuma ya nyumba, kwa kificho, maana bwana shamba Didas ametangaza kijiji kizima kipande mpunga wa Namba Saba peke yake. "Hizo mbegu za bibi zenu, pikeni mle!" alisema mkutanoni. Watu wakacheka. Wakazipika kweli. Mimi sikucheka.

Namba Saba! Gazeti liliandika kuwa imegunduliwa na Bwana Liberatus wa kituo cha utafiti. Imegunduliwa — kama vile aliiokota njiani. Mwaka wa sabini na moja alikaa kwenye mkeka wangu, akala ubwabwa wa Roza sahani mbili, akaomba mbegu. Roza akampa, akamweleza na desturi: mbegu haiuzwi. Ukipewa, mavuno yako ya kwanza unayaleta kwa aliyekupa, hata kikapu kimoja, mpike, mle pamoja. "Nitarudi, mama," akasema. Kila mavuno Roza alifagia uwanja mara mbili. Amekufa anafagia.

Sijamsamehe. Naandika hivi ili nisije nikasahau.

Jumanne, 11 Oktoba

Amekuja! Kwa Landrova. Amenenepa, shingo imejaa kola. "Shikamoo, Mwalimu." Akauliza mama yuko wapi. Nikamwonyesha kaburi kwa kidole.

Shida yake: Namba Saba inalala kwenye mafuriko na majani yanashikwa na ugonjwa. Wanataka kuanza upya na mama yake, yaani mpunga wa Roza. Na ule waliouweka ghalani umeliwa na fukusi. Wasomi wale wote, na fukusi wamewashinda! "Umebaki wewe tu, Mwalimu."

Nikamwuliza, si mlisema tupike tule? Akatazama viatu vyake. Didas, aliyekuja naye, akajifanya anakagua tairi.

Nikamwambia aje Ijumaa, nitampa. Kwa upole kabisa. Walipoondoka Kalista akanitazama. "Baba, unaumwa?"

Jumatano, 12 Oktoba

Kalista amekwenda Ruaha Mbuyuni, msiba wa shangazi yake. Atakawia.

Nimekuwa nikimkumbuka Alawi, muuza mchele wa Mbalizi, mtu wa asili ya pwani. Aliwahi kuniambia kwao wako wanaochemsha mpunga na maganda yake, wakauanika, ndipo wakautwanga. Mchele hauvunjiki. Na ukiutazama hujui kama umepita motoni. "Ila mbegu usimpe mtu, mzee wangu. Atapanda kama anayezika!" Alicheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa adabu. Leo nimecheka kwa haki.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimefanya.

Kibuyu cha mbegu kinaning'inia juu ya meko, ndani ya moshi. Kwetu mwanamume hatii mkono humo. Hata Roza alipokuwa kitandani, alifungua mwenyewe akiwa ameshikiliwa. Leo nimekifungua. Nikamimina mpaka ungo ukajaa. Nikakipima mkononi: bado kizito, zaidi ya nusu. Vizuri. Hiyo iliyobaki ni yetu.

Ya Liberatus nikaitia sufuriani. Ikachemka. Ikanukia ubwabwa wa Roza — hapo mkono ulisita kidogo. Kidogo tu. Nikaianika juani hadi ikakauka. Rangi imekolea kidogo. Hatajua.

Ijumaa, 14 Oktoba

Aliipokea kwa mikono miwili, kama sakramenti. Akaahidi kuipanda mwenyewe, si vibarua. Panda, mwanangu! Mwagilia! Chungulia kila asubuhi kama Roza alivyochungulia njia.

Magesa, mwenzangu wa kutoka kaskazini, alinikuta nikitabasamu peke yangu. "Mwalimu, umeonyesha meno. Nani amekufa?" Nikamwambia bado.

Jumapili, 23 Oktoba

Nimekula vizuri wiki hii. Misa ya leo padri alihubiri juu ya mpanzi. Nilibana midomo.

Jumatatu, 7 Novemba

Kalista amerudi, na vitunguu vya Mbuyuni gunia zima. Nikamwambia nimempa Liberatus mbegu. Aliacha kufungua gunia.

"Ulikifungua mwenyewe?"

"Nilikifungua."

Akatazama juu ya meko. Hakukishusha. Kibuyu hakifunguliwi tena kabla ya mvua ya kwanza, na mimi nilikwisha kuvunja mwiko mmoja. Hakutaka kuvunja wa pili. Akasema tu, "Aya, baba." Aya ya Wahehe kama yeye ina mambo mengi ndani yake.

Alhamisi, 1 Desemba

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Kalista ametayarisha jaruba, akashusha kibuyu, akainamisha. Majivu.

Akatikisa. Majivu! Akakipasua juu ya jiwe. Majivu na udongo wa kichuguu, vimeshindiliwa, na juu yake punje chache zimenasa. Akazihesabu kwa ncha ya kidole: zote zimeliwa viini.

Mbegu ikipungua, akasema, wanawake wanajaza kibuyu majivu kutoka chini, mbegu inakaa juu, ili fukusi wakose hewa. Roza ndiye aliyemfundisha. Kila mwanamke anajua. Mwaka jana jaruba lilitoa kidogo. Mbegu yote ilikuwa ule ungo mmoja.

"Si kitu," akasema, "tutakwenda kituoni tumwombe Bwana Liberatus aturudishie nusu."

Ikabidi nimwambie kuhusu sufuria. Alikaa chini, pale pale kwenye matope, na jembe lake.

Ijumaa, 2 Desemba

Kalista hasemi nami. Chakula kinaletwa. Ugali.

Jumamosi, 3 Desemba

Liberatus amefika na trei ya mchanga. Hakuna hata jani.

"Ulituchemshia, Mwalimu."

"Nilikuchemshia."

Kwa siku hii nilikuwa nimetunga maneno mazuri. Niliyasema yote. Juu ya ubwabwa, juu ya gazeti, juu ya uwanja uliofagiliwa mara mbili. Alisikiliza amesimama kwenye mvua. Kisha akasema amekwisha kugombana na wakubwa wa kituo, na wamekubali: mpunga ungeitwa Roza, na mbegu ya kwanza ya kila mwaka ingeletwa hapa kijijini kabla ya mahali pengine. "Nilikuwa nije kukueleza ukichipua. Nilitaka nije na kitu mkononi, safari hii."

Safari hii! Miaka sita! Hata sasa nikiulizwa nitasema alistahili. Lakini alistahili yeye, si mpunga.

Kalista akatoka jikoni. Maneno yake ya kwanza tangu juzi, na hakuyaelekeza kwangu: "Maswa kuna Helena. Dada yake marehemu mama. Bado anaulima."

Ni kweli. Helena aliwahi kutuma salamu, na habari za mavuno.

Liberatus akarukia. Gari lipo, kesho alfajiri waondoke, mimi niwapeleke, Helena hawezi kumkatalia shemeji yake. Nikawaambia njia ya kwa Helena inapita uwanjani kwa ndugu zangu. Nitasimama. Nitasalimia. Watanikaribisha maziwa ya wajukuu wa ng'ombe wangu.

"Wajukuu wa ng'ombe hawajakukosea, baba," akasema Kalista.

Jumapili, 4 Desemba

Mvua imepumzika. Kalista amevaa viatu vya kanisani. Mbegu ni mkono wa mwanamke hata hivyo, amesema. Atakwenda yeye, ila nimwelekeze. Nimemwelekeza: kisima cha mawe, kisha mkono wa kushoto, kisha nyumba tatu kwenye kilima. Nikamwambia nyumba ya kwanza apite bila kugeuza shingo.

"Nitasalimia," akasema.

Injini inanguruma. Liberatus amefungua mlango wa mbele na ameushikilia. Ananiita kwa mara ya pili, nafasi ipo, Mwalimu. Magesa naye yuko uani, anasema kama sipandi atapanda yeye akanywe hayo maziwa. Kalista hageuki.

Waende. Mimi Maswa sirudi.