Mkono Kwenye Jalada

Kabiro, Kawangware
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mama mdogo Filister,

Sasa mama. Natumai barua hii imekupata umekaa chini, ingawa najua hukai. Presha inasemaje? Ile dawa ya asubuhi unameza, ama unangoja kichwa kiume kwanza? Na Marvin, kikohozi kimeisha? Mimi niko poa, ila macho yanawasha kwa kushinda kwenye kompyuta.

Ningekupigia, lakini nilitaka usome polepole ukiwa umeshika kitu chenyewe mkononi. Phanice muuza omena anakuletea jarida letu la kwanza. Linaitwa Pegi, kama zile za kubania nguo kambani. Kila ukurasa nimeupanga mimi, na jalada ni langu kuanzia juu hadi chini.

Mhariri wetu, Walubengo, alitaka msichana mrembo mwenye aproni nyeupe, anachekea beseni. Nikamwambia hilo ni tangazo la sabuni. Wasomaji wetu ni mama fua na wasichana wa kazi za nyumba. Wanasoma wamesimama getini wakingoja kuitwa, jua likiwapiga machoni. Kwa hivyo herufi ni kubwa, mistari ni mifupi, Kizungu hakuna, na nimelikata dogo liingie mfuko wa aproni. Manjano nimeichagua ili lionekane kibandani hata likiwa limezungukwa na magazeti.

Na picha ya jaladani, mama, ni mkono wako. Nilikupiga picha siku ya Pasaka ukikamua blanketi. Uso hauonekani kabisa. Ni mkono na maji tu.

Ukurasa wa sita ni Nekoye. Nimeandika vile alivyonieleza hapo kwako akiwa ameketi kitandani: vile madam wake alivyomchoma begani na pasi kwa sababu ya kola ya shati moja, vile alivyotoroka, na vile mama mmoja anayefua kwenye ghorofa hiyo hiyo alivyomficha kwake. Jina lake nimebadilisha. Esteti sikutaja.

Niambie ukweli kuhusu jalada. Usinisifu kwa sababu ulinilea.

Binti yako,
Hope

*

Lindi, Kibera
Jumamosi, 17 Mei 2025

Hope nyathina,

Barua nimepata, mtoto wangu, na jarida pia. Phanice anakusalimu. Marvin hakohoi tena. Mwili wangu uko sawa, presha ndiyo imepanda, na nitakwambia kwa nini. Wewe kula chakula, usishinde na chai tupu.

Umetaka ukweli. Jalada ni zuri. Ni zuri sana, na hapo ndipo taabu imeanzia.

Jumatano nilifika getini kwa esteti saa moja asubuhi. Wanawake kama kumi walikuwa wamelizunguka. Mmoja akasema, "Huu si mkono wa Mama Marvin?" Nikacheka, nikamwambia mikono ni mingi Nairobi. Akanishika hiki kidole cha mwisho, kile kilivunjwa na mlango kikapona kimepinda, akakiweka kando ya picha. Halafu wakafungua ukurasa wa sita.

Hope, uliponificha uso ulinificha kwa watu wa ofisi. Mtu wa ofisi akiona hiyo picha anaona maji. Sisi tunajuana kwa mikono. Tunajua nani anakamua kwa kushoto, nani ameliwa ngozi na jiki, ile dawa ya madoa, nani pete yake haitoki tena kidoleni. Ulitengeneza kitu chetu, na sisi tukakisoma.

Kufikia saa nne soja wa getini, Osewe, alikuwa na nakala. Saa sita madam wa Nekoye akanipigia. Mimi humfulia Ijumaa tu, na hajawahi kunipigia Jumatano. Sikushika. Akapiga tena, na tena. Jana sikuenda kufua. Simu nimezima na laini nimetoa. Usinipigie. Andika, mpe Phanice, yeye hupita hapa akitoka soko la Kawangware.

Nekoye sijamwambia kitu. Ako nyuma ya pazia anashona kifungo cha shati la Marvin. Ana miaka kumi na tisa, na jirani akivuta kiti tu, anaruka. Madam amesema kwa kila mtu kwamba msichana alitoroka na mkufu wake wa dhahabu. Wakimpata hapa, mimi pia nitaitwa mwizi. Na kati ya mimi na yule mama, nani ataaminiwa?

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu naogopa na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Mama yako mdogo,
Filister

*

Kabiro
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mama,

Sijui nikusalimie vipi. Umelala? Umekula? Nekoye anaendeleaje na kidonda? Barua yako nimeisoma nimesimama kwa Phanice, nikasahau hata kumwambia asante.

Tangu jana natembea kwenye mageti nikikusanya majarida. Nimepata kama nusu. Wengine wamekataa katakata. Mama mmoja pale karibu na Nyayo Highrise alilificha nyuma ya mgongo. Nikamwambia lina makosa, tunachapisha lingine. Akaniuliza, "Makosa gani? Nimelisoma mara tatu. Wewe ndiye una makosa." Nilitaka kulia hapo hapo.

Nilimweleza Walubengo. Akasema kilichochapishwa kimechapishwa, na akaniuliza ni vipi sikuona kidole.

Mama, niliona. Hilo ndilo nataka ujue kutoka kwangu. Nilikinyoosha kwa kompyuta, dakika mbili tu, kikawa kidole cha mtu yeyote. Halafu nikakiangalia. Picha ilikuwa imekufa. Nikakirudisha kilivyokuwa, kwa sababu kilikuwa kizuri, na kwa sababu nilijua Walubengo atashangaa. Na kweli alishangaa. Aliwaita wengine waje waone. Mimi nilisimama pale nikifurahi, na sikukufikiria wewe hata kidogo.

Mlete Nekoye kwangu. Chumba ni kidogo lakini mlango una kufuli mbili, na hapa Kabiro hakuna anayemjua. Niambie tu siku, nitawangoja.

Nisamehe.

Hope wako

*

Lindi
Alhamisi, 22 Mei 2025

Hope,

Tuko hai. Naandika haraka, Phanice amesimama mlangoni.

Jana saa tisa mchana kaka ya madam alikuja hapa. Alikuwa na Osewe, ambaye alikuwa akiangalia viatu vyake. Nilisikia sauti yao kwa jirani wakiuliza mlango wangu, na Nekoye akaisikia pia. Aliingia chini ya kitanda bila kuambiwa. Nikaweka karai la nguo mbele na nikaanza kufua nguo safi.

Akasema, "Mama, hatutaki vita. Huyo msichana ana mali ya watu."

Nikamwambia, "Msichana gani?"

"Yule wa kwenye kitabu."

"Mimi sijui kusoma vizuri," nikasema. Mungu anisamehe.

Akaangalia mikono yangu ndani ya maji. Sikuitoa. Akaangalia muda mrefu hadi nikahisi vidole vinakufa ganzi. Halafu akatoa simu, akapiga picha mlango wangu, namba na yote. Akasema, "Jumatatu tutakuja na polisi. Afadhali atoke mwenyewe."

Walipoenda, Nekoye hakutoka chini ya kitanda. Nililala chini sakafuni kando yake nikamshika mguu. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama Marvin, ni nani aliwaambia?" Sikuweza kusema ni mtoto wangu.

Marvin nimempeleka kwa shangazi yake Ngong. Jumapili tutatoka na watu wa kanisa, tumevaa nguo za ibada, tuonekane kama wengine. Saa saba tutakuwa hapo stejini Kabiro. Usikosee saa.

Mama yako mdogo

*

Lindi, mlangoni kwako
Jumatatu, 26 Mei 2025

Mama yangu,

Uko wapi?

Sitauliza presha wala chakula. Uko wapi?

Jana nilifika stejini saa sita. Nilingoja hadi muuza mahindi akazima jiko lake. Kila mwanamke aliyeshuka na kitambaa cheupe nilidhani ni wewe. Mmoja hata nilimshika mkono. Phanice anasema amefunga biashara, mguu umefura. Kwa hivyo leo asubuhi nimekuja mwenyewe.

Nimekuta kufuli nje. Jirani yako, mama Shivachi, hakutaka kufungua mlango. Aliongea nami kupitia dirishani. Anasema jana kabla ya kanisa wanawake wawili asiowajua walikuja kwako, mmoja ameshika jarida la manjano. Alisikia kelele, halafu kitu kikaanguka, halafu mtu akakimbia. Alipochungulia mlango ulikuwa wazi na nyumba haina mtu. Baadaye aliona umerudi mbio, ukafunga, ukaenda na wale wawili. Nikamuuliza, "Walikuwa wamemshika?" Akasema hakuona vizuri. Nikamuuliza kuhusu msichana. Akasema, "Msichana gani?" na akafunga dirisha.

Sasa niko hapa mlangoni kwako naandika nikiwa nimeweka karatasi juu ya goti. Leo ndiyo Jumatatu ambayo yule mtu alisema atakuja na polisi. Viatu vyovyote vikipita kwenye kichochoro nainua kichwa.

Nafikiria mambo mengi mabaya. Nafikiria kwamba hao wanawake wametumwa na madam. Nafikiria kwamba mimi ndiye niliyewachorea ramani, nikaipaka rangi ili hata mtu aliye mbali aione. Ulinichukua kwa mazishi ya mama nikiwa na miaka sita, hukuuliza mtu, ulinibeba tu mgongoni. Na mimi nimekufanyia hivi.

Barua naisukuma chini ya mlango. Ukirudi hata kwa dakika moja, ukiiona, niambie tu neno. Kesho nitaanza kuzunguka hospitali.

Hope

*

Lindi
Alhamisi, 29 Mei 2025

Hope nyathina,

Pumua kwanza. Niko. Nekoye pia yuko. Nimerudi leo kuchukua nguo nikaikanyaga barua yako hapa mlangoni. Nimeisoma nikiwa nimekalia ndoo. Phanice amepona mguu, ndiye atakayekupa hii leo leo.

Jumapili tulikuwa tumeshavaa. Nekoye nilikuwa nimemfunga kitambaa changu cha kanisa. Mlango ukagongwa, na nilipofungua kidogo nikaona wanawake wawili na jarida. Kabla sijauliza kitu Nekoye alipita katikati yetu, akaangusha meza na sufuria, akatoka mbio upande wa mto. Hana simu, hana viatu vya maana, hajui Nairobi zaidi ya nyumba ile na chumba hiki.

Nilimgeukia yule mwenye jarida nikamshika shingo. Kweli, Hope, mimi na mwili wangu huu. Nilimwambia mwenzake, "Mwambie madam wako nimemuua mtu wake mmoja." Yule niliyemshika hakujitetea. Alisema, "Mama, mimi sijatumwa. Naitwa Muthoni. Nilifanya kazi nyumba hiyo mwaka juzi." Yule mwingine ni dada yake, alimsindikiza kwa sababu aliogopa kuja peke yake. Mama mmoja wa getini ndiye aliwaonyesha kwangu.

Tulimtafuta Nekoye pamoja, sisi watatu, na viatu vya kanisa kwenye matope. Kwa hivyo hukutuona Kabiro. Saa kumi ndipo tulimpata, amekaa chini nje ya ofisi ya mabasi ya kwenda kwao Bungoma, mgongo kwa ukuta. Alipomwona Muthoni akasimama kukimbia tena, na mimi sikuwa na pumzi ya kuita.

Muthoni hakumfuata. Alisimama hapo mbele ya makarani na abiria na mizigo yao, akafungua vifungo vya blauzi, akageuka. Kwenye bega kuna alama. Ina umbo, Hope. Ina ile ncha. Mtu yeyote aliyewahi kupiga pasi anaijua.

Nekoye alikuja polepole. Akaweka kidole hapo. Akasema, "Kola?"

Muthoni akasema, "Pazia."

Basi. Walikaa chini wote wawili na wakalia mpaka watu wakaanza kutuletea maji.

Muthoni aliniambia alikuwa amesoma ukurasa wa sita akiwa kazini, akakaa sakafuni jikoni kwa watu. Kwa miaka miwili alidhani ni yeye tu, kwamba pengine alikosa adabu. Hakunitafuta kwa kunijua. Alitafuta mtu yeyote wa kumwambia, "Hata mimi."

Tulilala kwake Kangemi. Jumatatu tulienda hospitali, Jumanne tukaenda kituo cha polisi. Nilitaka Walubengo au mtu wa ofisi aende mbele yetu, lakini Nekoye alisema tukingoja hataweza tena. Afisa wa mezani alikuwa mwanamke. Aliwapa fomu za P3, zile daktari huandika majeraha. Akauliza, "Na wewe mama, ni nani?" Nikasema ni mimi niliyemficha. Akaniuliza jina. Nilifikiria Marvin, nilifikiria ule mlango uliopigwa picha. Halafu nikasema majina yangu yote matatu, na akaandika.

Sasa usifikiri mambo yamekwisha. Madam ameshtakiwa, lakini ana wakili, na bado anasema kuhusu mkufu. Nyumba zote tano nilizokuwa nafua kwenye ghorofa ile zimetuma neno nisirudi. Osewe ananipita kama hanijui. Usiku silali vizuri, na Nekoye bado analala na viatu.

Amejua kuhusu kidole. Nilimwambia mwenyewe, na nikamwambia ni wewe. Alifikiri kidogo, akasema, "Atakuja siku ya korti?"

Mimi bado nina hasira na wewe. Ulijua, ukakirudisha. Nimejaribu kuiondoa hiyo hasira nimeshindwa, na sitaki kukudanganya kwamba imeisha. Tutaongea juu yake siku nyingine, tukiwa na chai, na utanisikiliza mpaka nimalize.

Korti ni tarehe kumi na moja Juni, saa tatu asubuhi. Kuja saa mbili. Usije kama mtu wa jarida, acha kamera nyumbani. Kuja ukae karibu nami upande wa kushoto, kwa sababu naogopa sana.

Mama yako mdogo,
Filister