Siti ya Baiskeli ya Baba Yako

Kigwa,
tarehe 9, mwezi wa sita

Mwanangu mpenzi Amon,

Mwangaluka, baba. Nakusalimu wewe kwanza, halafu namsalimu mke wako Elieth. Umwambie shikamoo yake aliyonipa kwa simu ikakatika niliisikia, na marahaba yake hii hapa naituma kwa karatasi. Namsalimu mjukuu wangu Godbless, na ninataka kujua kama lile jino lililokuwa linacheza limetoka, na kama mlilitupa juu ya paa au mlilipoteza tu. Namsalimu mdogo wake Advera, mashavu yote mawili. Kifua cha Elieth kimepoa? Na wewe huko stesheni ya Kaliua unakula mchana, au bado unashinda na chai ya rangi kama nilivyokukuta?

Sisi huku ni wazima. Shangazi yako Dafrosa ni mzima, ila uzi hauoni tena tundu la sindano, ananiita mimi, na mimi nakwenda kumwita Mama Anton wa jirani. Mama Anton naye mzima. Mbuzi amezaa mapacha, wote majike. Baba yako ni mzima pia, na huo uzima wake ndio ulionishikisha kalamu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ni ya baba yako, mwanangu. Nikiongea nayo yuko pembeni, na hata akitoka huwa hafiki mbali. Haya ninayotaka kukuambia yanahitaji karatasi. Uvumilie mwandiko, darasa la nne langu unalijua. Anton anakuja huko kununua mpunga, ndiye atakayekuletea.

Unakumbuka Pasaka ulipokuja ulimkuta baba yako katika hali gani. Misa nzima alisimama nyuma ya kanisa kama mgeni, yeye katekista! Nyumbani akala amesimama, sahani mkononi. Ulipombana akakiri kwamba akitoka kigangoni na baiskeli anakuwa na ganzi na maumivu huko chini, na haja ndogo inatoka kwa shida. Ukaogopa, na mimi nikaogopa zaidi. Ukasema mwisho wa mwezi huu wa sita utachukua ruhusa umpeleke hospitali kubwa Tabora, baiskeli iuzwe, na wewe mwenyewe utakwenda kwa paroko umwambie atafute katekista mwingine wa kile kigango cha mbali, maana kilomita kumi na sita kwa njia ile ya zamani ya wapagazi, mchanga mtupu, si safari ya mzee wa miaka sitini na sita.

Wewe uliondoka na treni yako. Mimi nilibaki naye. Tangu siku hiyo alikuwa akiiosha ile baiskeli kila jioni, hata siku ambayo haijatoka. Anaipangusa spoku moja moja. Nikimuuliza ananijibu kwamba ugonjwa wake anaujua na dawa yake haiko hospitali. Wewe uliuita ubishi, na mimi niliitikia.

Basi mwezi wa tano nikamvuta hadi zahanati. Yule mganga wetu akampima mkojo na damu, akasema haoni ubaya. Halafu akauliza mzee anaendesha baiskeli umbali gani, na siti yake ikoje. Akasema tubadilishe siti kwanza, tuangalie wiki mbili tatu, hali isipobadilika ndipo twende mbele. Baba yako akanitazama. Mimi nikatazama ukutani, kwenye picha ya mtoto anayepewa chanjo.

Tulipeleka baiskeli kwa fundi Fikiri, pale karibu na reli. Akaishika siti akaitikisa, ikapanda na kushuka kama kichwa cha kinyonga. Akasema meno ya kile chuma kinachoishika yameliwa, ukikaza hayashiki, na ngozi yenyewe imekwisha. Akamuuliza baba yako alikuwa anaendesha siti au anaendesha mbuzi. Dawa ni kununua nyingine pamoja na kishikio chake, na yeye hana. Nikasema nitakwenda mjini mwenyewe. Baba yako alitaka kwenda, nikakataa. Nilikuwa na sababu yangu, utaisoma.

Mjini nikaelekezwa kwa mama mmoja anaitwa Asmahani, anauza spea za baiskeli, duka aliachiwa na baba yake. Mimi macho yalikwenda moja kwa moja kwenye siti moja pana, nene, ina sponji kama mto wa kitandani, elfu ishirini na tano. Nikaibonyeza, kidole kikazama. Nikasema hii hii. Asmahani akanicheka. Akasema godoro zuri ni la kulala, si la kuendeshea, kwamba sponji ile mwendo mfupi wa sokoni inafaa, lakini mwendo mrefu mifupa inazama, nyama za pembeni zinabanwa, na mapaja yanasuguliwa mpaka yanatoa moto. Akaniuliza nina kipimo cha mzee. Nikamuuliza kipimo gani, tena kwa sauti kubwa, watu wakageuka. Akasema kuna mifupa miwili ambayo binadamu hukalia, kila mtu na upana wake, na siti nzuri ni ile inayoipokea hiyo miwili. Nirudi nyumbani nikamkalishe juu ya kitu kinachoshika alama.

Akanitania tena, eti nyie Wanyamwezi babu zenu walipita hapa na pembe za ndovu mabegani hadi pwani, leo siti ya baiskeli inawashinda? Nikamwambia babu zetu walibeba wamesimama, hakuna aliyewaambia waikalie mizigo ya watu. Tukapatana kuanzia hapo.

Sasa mwanangu, kitu kinachoshika alama, mfinyanzi atakosaje? Nilirudi nikakanda udongo wa chungu, mgumu kidogo, nikautandaza juu ya kigoda, nikafunika kipande cha nailoni, nikamwita baba yako akae. Akasema, Mama Amon, leo unanifinyanga mimi? Basi ukinichoma, nichome taratibu. Shangazi yako akasema kaa wima kaka, usije ukatoka chungu kilichopinda. Hapo hapo Mama Anton akaingia kuomba chumvi, akamkuta katekista amekalia udongo kama kuku anayeatamia. Habari imeshafika gulioni, usishangae ikifika Kaliua.

Alipoinuka yalibaki mashimo mawili, kama ya bao. Nikachukua unyasi mkavu nikapima toka katikati ya hili hadi katikati ya lile, nikaukata, nikaufunga kwenye pindo la kitenge. Huo unyasi niliulinda kwenye gari hadi mjini kama mtu aliyebeba yai.

Asmahani akauweka juu ya siti moja moja. Ile ya sponji ilikuwa pana mno. Nyingine nzuri ya kung'aa ilikuwa nyembamba, ya vijana wa mashindano, alisema baba yako angebaki amening'inia pembeni. Mwisho akatoa moja ya mtumba na kishikio chake, nyeusi, imechubuka ukingoni, ina mfereji katikati, na nyuma unyasi ukalala sawasawa. Nikaibonyeza. Ngumu! Nikasema huyu mama ananiuzia kibao cha mbuzi. Akasema ugumu wa mkono si ugumu wa kukalia, mfereji ule ndio unaoziacha sehemu za mwanaume zipumue. Aliitaka elfu kumi na nane. Tulivutana weee, tukaishia kumi na tano na chungu kimoja cha kupikia maharage, na neno lake kwamba mzee aijaribu Jumapili mbili, ikimuuma nirudishe.

Kabla sijaondoka akanifundisha kuifunga. Kimo chake, mzee akiwa amekaa, kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Na siti ilale sawa. Ulaze juu yake chupa ya maji isiyojaa, maji yakikimbilia upande mmoja bado. Akasema neno hili, na hakujua anamwambia nani: siti ikiinua pua juu, mama, hiyo humkandamiza mwanaume mahali pabaya, anapata ganzi, hata kukojoa kunamshinda. Nilikaa chini pale kwenye ngazi ya duka. Akaniletea maji, akidhani ni jua.

Jumapili ya kwanza ya siti mpya baba yako alirudi saa tisa mchana. Nilikuwa nimesimama mlangoni tangu saa saba, unanijua. Akaegesha baiskeli, akaingia, akavuta kiti, akakaa. Akala ugali wote amekaa, akaomba mboga nyingine amekaa, akamsimulia shangazi yako mafundisho ya ubatizo wa watoto sita, bado amekaa. Jumapili ya pili ndiyo jana, vilevile. Ganzi hana, na haja inatoka vizuri, hilo nimemuuliza bila aibu.

Sasa ngoja nikuambie, mwanangu, na ukae kwanza.

Siti ile ya zamani niliiharibu mimi. Unakumbuka mwezi wa kwanza mvua zilivyokuwa. Jumapili moja baba yako alirudi gizani, maji ya mto yamempita kiunoni, ameibeba baiskeli kichwani, anaimba. Mimi nilikuwa nimeshamlilia. Nikamsihi aache kigango kile, akacheka, akasema wale watu hawana mwingine wa kuwasomea Neno. Basi Jumamosi iliyofuata alipolala mchana nikachukua spana, nikalegeza nati, nikainua pua ya siti kidogo tu, upana wa kidole. Niliwaza ataona haikaliki, atachoka, atabaki nyumbani. Hakubaki. Jumamosi nyingine nikaongeza. Sikujua kama chuma kidogo vile kinaweza kumwumiza mtu ndani. Ulipotaja hospitali siku ile ya Pasaka, nilikuacha uondoke na hofu ambayo ni mimi niliyeipika. Nisamehe, baba. Ndiyo maana nilikwenda mjini peke yangu. Nilitaka mkono ulioharibu ndio utengeneze.

Nilipanga kumwambia baba yako jana akishakula. Asmahani alisema baada ya safari mbili nati ikazwe tena, basi nikasema nitamwambia wakati anakaza. Akatoka uani na spana, mimi nyuma yake na maneno yangu tayari. Kabla sijafungua mdomo akanigeukia, akaniwekea ile spana kiganjani. Akasema, kaza wewe, Mama Amon, mkono wako unaijua hiyo nati.

Nilidondosha spana. Akaiokota.

Akaniambia alijua tangu Jumapili ya kwanza baada ya mimi kuiinua ile pua, mtu aliyekalia siti moja miaka ishirini hahitaji kuambiwa. Akifika kwenye reli alikuwa anashuka, anailaza pua, anakwenda zake kigangoni. Akirudi, anashuka palepale kwenye reli, anaiinua tena kama nilivyoiacha, ndipo anaingia nyumbani. Huyu anainua, huyu analaza, wiki baada ya wiki, mpaka meno yakaliwa na siti ikawa haishiki tena pale anapoilaza. Hapo ndipo maumivu yalipoanza kweli. Nikamuuliza kwa nini hukunigombeza, Octavian, kwa nini ulikuwa unaiinua tena? Akasema, nilikuwa nakuona Jumamosi unapita pembeni ya baiskeli, ukiikuta pua iko juu unapata usingizi. Na wewe ulipombana akataja maumivu tu, chanzo akakificha, hakutaka niaibike mbele ya mwanangu.

Nilikaza nati mimi. Yeye alishika chupa ya maji.

Tumepatana hivi: mvua zikianza, mto ukijaa hatavuka, atalala ng'ambo kwa mwenyekiti wa kigango na atapiga simu kwa Mama Anton. Na mimi sitagusa spana bila yeye.

Kwa hiyo mwanangu, ruhusa yako usiifute, njoo, ila uje kula na kuwaona mbuzi. Ukitaka apimwe tena apimwe, sikatai. Lakini baiskeli isiuzwe, na kwa paroko usiende. Jana nilisikia maneno yako ya Pasaka yameshamfikia, ameanza kuulizia jina la katekista mwingine, na baba yako bado hajasikia. Mpigie paroko wewe kabla Jumapili haijafika.

Wasalimie wote niliowataja mwanzo, mmoja mmoja, usiwajumlishe. Anton anarudi Alhamisi. Mpe karatasi, hata kipande, uandike kwamba baiskeli inabaki na kwamba mama yako umemsamehe. Upesi, baba, nitakuwa nimesimama mlangoni.

Ni mimi mama yako,
Getruda