Mama, Kuhusu Chumba cha Viazi

Dublin, Jumapili baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ukiisoma umesimama utaanza kazi nyingine kabla hujafika ukurasa wa pili. Mko salama hapo Mau Narok? Yule ng'ombe amepona kwato? Baba na jirani wa ule ugomvi wa ua wameelewana, au bado wanasalimiana kwa kukohoa? Mimi ni mzima. Baridi ya huku ni ile ya kwetu ya mwezi wa saba, ila hapa inakaa mwaka mzima na hakuna anayeishangaa. Viazi wanakula kutushinda, lakini wanaviuza vimeoshwa kama vinaenda harusini.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu tunamaliza salamu na mtandao nao unaisha. Kaka Kiprono ameniambia kwamba tangu ile simu ya kwanza ya watu wa kampuni unajilaumu, unasema uliinyima shule kompyuta kwa mdomo wako, na kwenye kikundi cha kina mama hutaki jambo hilo litajwe. Wewe uliona upande mmoja tu, Mama. Ngoja nikueleze ya huku.

Unajua kampuni yetu hutoa msaada kwa jamii kila mwaka, na sisi tulio kwenye mafunzo ya wanaoanza kazi tunaruhusiwa kupendekeza mahali. Tuko kumi na mmoja, kila mmoja na kwao, kwa sababu kampuni inataka wafanyakazi wa kila aina na haichoki kulisema. Hata picha yangu wameibandika ukutani karibu na lifti. Mimi niliyekatwa nusu kwenye picha ya harusi ya kaka yangu, sasa ninawachekea watu kila asubuhi kabla hawajanywa hata maji. Wiki ya kwanza nilikuwa napanda ngazi ili nisikutane na uso wangu.

Basi nikapendekeza shule yetu ya kutwa, kile chumba cha kompyuta ambacho nyinyi kina mama mlikijenga na ambacho hakijawahi kuona kompyuta. Sheria yao ni kwamba aliyependekeza hafungui mdomo. Anaulizwa mtu wa jamii yenyewe, na ndiyo maana walikupigia wewe mwenyekiti wa kikundi. Siku ile nilikuwa kwenye kona ya chumba cha mikutano, nikikutazama kwenye skrini kubwa na kile kitambaa chako cha kanisani kichwani. Aliyekuwa akiuliza ni Ruth, mkuu wa kamati ya misaada. Aliyekuwa akitafsiri ni Salim, mwenzangu wa kazini kutoka Mombasa.

Ruth aliuliza shule ina shida gani. Ukasema hakuna shida, Mungu ametutunza. Akauliza mnahitaji nini. Ukasema mko sawa tu, watoto wanasoma vizuri na mvua imekuja. Akauliza kama una swali lolote. Ukamuuliza kama wamekunywa chai. Salim alitafsiri neno kwa neno kama alivyoagizwa, nami nikamwona Ruth akiandika mstari mmoja mfupi na kufunga daftari.

Sitakuficha, nilikukasirikia. Niliwafikiria wale wasichana wa kidato cha nne, nikaenda kujifungia chooni nikalia mpaka mtu akabisha mlango.

Jumatatu yake msimamizi wangu akaniuliza, kama anavyoniuliza kila Jumatatu, kama kuna kitu kinanikwamisha. Nikajibu kama ninavyojibu kila Jumatatu kwamba niko sawa. Sikuwa sawa hata kidogo. Kazi niliyopewa ilikuwa imenishinda wiki mbili nzima na nilikuwa naifunika kwa tabasamu. Hapo nikasikia ni sauti yako inayotoka kinywani mwangu, nikaanza kucheka peke yangu mbele ya yule kijana wa watu, akadhani nimepagawa. Nilipomwambia ukweli alinionyesha kosa langu kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai.

Nikatoka hapo, sheria au hakuna sheria, moja kwa moja hadi kwa Ruth. Nikamweleza kwamba kwetu swali la kwanza la mgeni ni salamu. Mtu mzima hawezi kummwagia mgeni shida zake mlangoni, hajaketi, hajashika kikombe, aonekane alikuwa anamvizia. Nikamwambia yale aliyoyasikia yalikuwa heshima, na jibu lilikuwa bado linakuja. Usifikiri alilainika. Alinikazia macho akauliza, sasa watu wasiosema shida zao yeye atazijuaje? Nikamwambia apige tena, akae na kikombe chake mkononi, asiulize shida, aombe tu kuonyeshwa chumba.

Ndiyo sababu ile simu ya pili ulimwona na kikombe. Kilikuwa na maji ya moto na majani, bila maziwa, lakini usimhukumu. Mliongea habari za mvua na wajukuu mpaka Salim akaanza kutazama saa. Halafu ukainuka, ukamwambia Kiprono ageuze simu, ukamtembeza Ruth chumbani katikati ya yale magunia ya viazi.

"Hii nyumba tulijenga sisi wamama," ukasema. "Viazi vya mbegu tumeweka hapa kwa sababu haina kazi ingine. Mkileta kompyuta, kesho tunatoa. Msipoleta, mvua ikirudi tunapanda."

Ukamwonyesha na zile katoni ambazo mwalimu amezichorea herufi za kompyuta, jinsi wasichana wanavyozigonga kwa vidole kumi bila kutazama chini. Ruth akaomba katoni moja isogezwe karibu, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa imechakaa kwenye herufi A. Salim alikuwa amevua miwani na kusahau kutafsiri, na hakuna aliyemkumbusha.

Juzi Ijumaa kamati iliamua. Ni kompyuta ishirini, Mama, pamoja na mwalimu wa kufundisha kuzitumia atakayekuwa akitoka Nakuru mjini kwa mwaka mzima. Na wasichana watakaomaliza wataruhusiwa kuomba mafunzo kama haya yangu. Ruth amelifuta lile swali la shida kwenye fomu zao. Kwa hiyo inua kichwa, nenda kwa wenzako kwenye kikundi, uwaambie watoe viazi. Hukumnyima mtu chochote. Nimefurahi kiasi kwamba siku hiyohiyo nilipita kwenye lifti nikaitazama picha yangu bila aibu.

Nisalimie Baba, umwambie kukohoa si lugha. Nisalimie Kiprono aliyeshika simu bila mkono kutetemeka, na mkewe. Mpe salamu Shangazi Rael anayeuza maziwa pale sokoni, na yule mwalimu wa katoni, umwambie kazi yake imefika mbali.

Kuna moja limebaki. Ulipokuwa ukimtembeza Ruth nilikuona ukishika ukuta kila ulipokanyagia mguu wa kushoto. Jumanne nilikuuliza, ukasema uko sawa. Mimi nikikuuliza, uko sawa. Wewe ukiniuliza, niko sawa. Tumeishi hivyo miaka miwili. Basi acha nianze mimi: Jumapili za huku zina upweke unaoniuma, nimekonda mpaka sketi ya kanisani inanizunguka, na kuna siku natamani tu kukaa jikoni kwako bila kufanya chochote. Nimesema. Sasa nawe niambie, mguu unauma tangu lini?

Binti yako akupendaye,
Chelangat